Aliyeshika Usukani Nikiwa Nimelala

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya naweza kuyasema mkono ukiwa juu ya Biblia. Yalinipata mimi mwenyewe mwaka jana, barabara ya Ikonge, saa ya wanafunzi kutoka shule.

Naendesha lori la majani chai. Mvua ikinyesha majani huwa mengi, na nilikuwa nimekesha kazini. Taniboi wangu, yule msaidizi wa lori, alikuwa mgonjwa, nikawa peke yangu. Ukungu ukashuka. Kando ya barabara mama mzee mwenye leso ya kijani akapunga mkono, nikambeba.

Hakuuliza ninakoenda. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, macho yako yamechoka."

"Nitafika, mong'ina," nikamjibu, kama tunavyowaita mama wazee kwetu. "Kiwanda si mbali."

"Lala. Mimi nitaangalia njia."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilicheka. Nakumbuka mteremko ukianza, na sweta za wanafunzi zikitokeza kwenye ukungu. Halafu sikumbuki kitu.

Niliamshwa na mlinzi wa kiwanda akigonga kioo. Lori lilikuwa limesimama vizuri kwenye foleni, breki ya mkono imevutwa. Na mimi, niamini, nilikuwa kwenye kiti cha abiria, mkanda nimefungwa.

"Siku hizi una dereva?" akauliza. "Yule mama ameshuka sasa hivi. Amesema nikuache ulale kidogo."

"Ameenda wapi?"

Akaonyesha mashamba ya chai. Hakukuwa na mtu.

Nimeuliza Ikonge nzima, hakuna anayemjua. Woga uliisha upesi. Kinachonisumbua ni hamu ya kujua. Alijifunza wapi kubadilisha gia za lori lile kaidi? Na alinibebaje mpaka upande wa pili, mwili huu wote?

Juzi binamu yangu alituonyesha kwenye simu gari la ng'ambo linalojiendesha, usukani unazunguka bila mtu. Nyumba nzima ikapiga kelele: hilo hatupandi! Mke wangu akanigeukia. "Wewe je?"

Nikamwambia ningepanda, ila kwanza ningeuliza nani anaangalia njia.

Sasa wewe dereva unayenisikiliza, usijipe moyo kwa kisa changu. Mimi niliokolewa mara moja, na mpaka leo sijui kwa nini. Kope zikianza kushuka, egesha gari, zima injini, ulale. Karani anayepokea majani kiwandani hunifokea nikichelewa, namwacha afoke. Na ukipita ukute lori la chai limesimama kando, dereva anakoroma, tafadhali usipige honi. Ni mimi.