Meli Iliyokuwa Inaumwa Kidogo

Kwetu Kimwani mtu haambiwi msiba mlangoni. Baba yangu alipofariki nilipigiwa simu nikiwa kazini Bukoba: "Baba yako anaumwa kidogo, njoo." Nilipofika nyumbani wakanikalisha, wakaniletea ndizi na maharage, wakanitazama nikila mpaka nikamaliza. Ndipo mjomba akakohoa, akaniambia. Sikuwalaumu. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi hata leo siwezi kumpa mtu habari mbaya bila kuikatakata kwanza. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, lakini tabia hiyo haikunitoka, na ndiyo iliyonifanya nimtendee Bibi nilichomtendea.

Bibi si ndugu yangu wa damu. Ni Mhindi mwenye duka la vitambaa Miembeni, mmoja wa wachache waliobaki baada ya wenzao kuhamia Dar na ng'ambo. Amezaliwa hapa hapa Bukoba. Kihaya chake kinanishinda mimi Mhaya, ila Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Mimi nilikuwa nimepanga Bilele, na kila nikitoka shule nilipita dukani kwake kunywa chai na kusemwa kwa nini nimekonda.

Alikuwa na dada mmoja tu, aliyeolewa Uingereza wangali wasichana. Zaidi ya miaka arobaini hawakuonana. Huyo dada alikuwa na mapafu mabovu, madaktari wakamkataza kupanda ndege, na masikio yake yalishachoka kiasi kwamba hata kwenye simu hasikii. Tulijaribu mara moja simu ya picha. Bibi akaona pua na dari, akanirudishia simu yangu huku analia. Basi dada akapata wazo lake: kuna meli za watalii zinazozunguka dunia, na mojawapo ingetia nanga Zanzibar siku nzima. Akalipia. Bibi angeenda Zanzibar kumsubiri, na mjukuu wa dada angenitumia kila barua pepe ya kampuni ya meli ili nimsomee Bibi.

Dada aliomba kitu kimoja tu aletewe: senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Utotoni walikuwa wakiwala kwa kujificha jikoni kwa jirani, maana mama yao alikuwa hataki hata kusikia wakitajwa. Msimu ulipofika niliwatoa Kimwani, mama yangu akawanyonyoa mabawa kwa mkono wake, Bibi akawakaanga mpaka wakakauka kabisa, akawafungia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo likawekwa juu ya kabati la vitambaa.

Halafu korona ikaingia.

Barua ya kwanza ilisema safari imeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Nilikaa kwenye stuli, nikanywa chai yote, ndipo nikasema, "Bibi, meli inaumwa kidogo." Akacheka sana. Tangu siku hiyo nikikanyaga tu kizingiti ananipigia kelele mbele ya wateja: "Mwalimu! Mgonjwa wetu ameamkaje?" Na mimi namjibu kwamba ameamka salama, amekunywa uji.

Barua ya pili ilileta bei mpya. "Tunafurahi kukutangazia," ndivyo walivyoanza. Wanafurahi, jamani! Safari imesogezwa mwaka mzima mbele, na nauli imepanda kwa sababu ya madaktari, dawa za kusafishia, na vyumba vinavyoachwa vitupu. Dada akauza bangili zake za harusi, akaongezea. Nilimwambia Bibi nauli imepanda kidogo. Bangili sikuzitaja.

Barua ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Njia imebadilika, Zanzibar imefutwa, meli itapita mbali kabisa na pwani yetu. Asiyeridhika aombe kurudishiwa fedha zake kabla mwezi haujaisha. Atakayekaa kimya, fedha zake zitabaki kwao kwa ajili ya safari nyingine. Chini yake mjukuu ameandika: "Muulize Bibi. Wakiturudishia, inatosha kumkatia tiketi ya ndege yeye aje huku. Pasipoti si anayo? Viza tutahangaika nayo sisi. Ndege zimeanza kuruka tena. Bibi yetu wa huku anadhoofika."

Kazi yangu ilikuwa kuuliza swali hilo moja. Nilitoka Bilele nikilirudia njiani. Nikamkuta Bibi amevaa gauni jipya mbele ya kioo. Alikuwa ameshona mawili ya kitambaa kimoja, lake na la dada, kama mama yao alivyokuwa akiwashonea. Akageuka huku na huku, akaniuliza, "Zanzibar joto, ee? Hili halitanichoma?" Ningeulizaje habari ya ndege bila kusema Zanzibar imekufa? Nikajiambia hawa watu wamebadilisha mara tatu, watabadilisha tena, Zanzibar itarudi, ya nini kumvunja moyo mwanamke wa watu bure. Nikasema, "Hilo zuri, Bibi. Mgonjwa anaendelea vizuri."

Nikamwandikia mjukuu: "Bibi anasema tusubiri."

Bibi hakusema. Bibi hakuulizwa. Nilikuwa mjinga, mjinga mwenye huruma, na sijui kama kuna mjinga mbaya zaidi ya huyo.

Mwezi ukaisha. Fedha zikabaki kwa kampuni. Ugonjwa ukapanda tena kule, wakafunga milango kwa watu wa kutoka kwetu. Mjukuu akaandika kwamba dada amelazwa, nami nikamwambia Bibi dada ana mafua. Siku chache baadaye akaandika kwamba amefariki, na kwamba hawakuruhusiwa kuingia kumshika mkono.

Nilipika ndizi na maharage chumbani kwangu, nikabeba hotpoti mpaka Miembeni, nikaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Bibi, karibu ule kwanza."

Akaitazama hotpoti, hakuifungua. Ameishi nasi maisha yake yote, na yeye mwenyewe ameshabeba chakula cha namna hiyo kwenye nyumba ngapi! Akakaa taratibu kwenye stuli yangu.

"Lini?" akauliza.

"Juzi, Bibi."

Alilia bila sauti. Mteja mmoja aliingia, akatutazama, akatoka. Bibi akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mwalimu, niambie kweli. Hapakuwa na njia nyingine?"

Nilimtazama usoni. Nafasi ya kusema nilipewa hapo, mbele ya macho yake, na hakuna mtu aliyenizuia.

"Hapakuwa, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti, akashusha lile kopo kutoka juu ya kabati, akanifungulia. "Kula wewe, mwanawange. Wewe ndiye uliyehangaika." Senene walikuwa wamekaa mno, wananuka mafuta ya zamani. Nilikula. Bibi akanitazama nikila mpaka nikamaliza, kisha akanishika mkono.

"Asante," akasema. "Bila wewe, ningejuaje kilichoandikwa?"