Ngozi Iliyochelewa

Baba yangu alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na neno moja la Kiingereza, nalo ni "keep". Alisomea udaktari wa mifugo Urusi, enzi zile nchi ile ikiitwa Muungano wa Kisovieti, na kwenye begi lake hakukuwa na kamusi ya Kiswahili na Kirusi. Alikuwa na ya Kiingereza na Kirusi tu. Kwa hiyo kila alichotaka kusema kule kwenye baridi alikitoa kwenye Kisukuma, akakipitisha kwenye Kiswahili, akakivusha kwenye Kiingereza, ndipo kikawafikia Warusi kikiwa hoi. Maneno mengine yalivuka salama, alisema, ila "keep" lilimfia njiani kila siku.

"Waingereza ni wavivu," aliniambia nilipokuwa darasa la tano. "Neno moja wanalitumikisha kama punda wa maji."

Alikuwa amerudi zamani, bwana mifugo wa Bariadi, na ile kamusi ya jalada la kijani ilikaa juu ya redio. Jioni akishakula alinikalisha nayo. Ukurasa wa "keep" ulikuwa umechakaa kuliko kurasa zote, pembezoni umejaa sentensi za Kiswahili kwa penseli. Kufuga ng'ombe, Mrusi anasema derzhat. Kutunza cheti sandukuni, au siri moyoni, ni khranit. Kutimiza ahadi ni sderzhat, kuendelea kutembea ni prodolzhat, na kukaa kimya Mrusi ana neno lake peke yake, molchat, halihitaji msaada wa mtu. Mwingereza anayaita yote hayo "keep" na kwenda zake kunywa chai. Nilicheka sana jioni zile. Nadhani ndizo zilizonifanya niwe mwalimu wa Kiingereza, kazi ninayoifanya mpaka leo hapa hapa mjini.

Neno moja hakuliandikia sentensi. Berech. Alinieleza kuwa ni kutunza kitu huku unakihofia, usitake hata upepo ukiguse. Pembeni yake aliandika jina la rafiki yake, na mbele ya jina, "Bukundi".

Rafiki huyo hakuwa amesoma. Walikuwa wamechunga pamoja utotoni. Baba alipopata nafasi ya kwenda Urusi alikuwa na mtamba mmoja tu, akamwekesha kwa rafiki yake kule Bukundi. Kwetu hilo ni jambo la kawaida: unampa mtu ng'ombe amtunze, maziwa yake anakunywa, ndama ni wako. Alirudi baada ya miaka sita akakuta zizi limejaa, na rafiki yake akamtajia kila ndama na siku aliyozaliwa, mvua ilikuwaje, nani alikuwepo. Ng'ombe wale ndio waliotusomesha. Mpaka mwishoni alibaki mmoja wa ukoo ule, jike la rangi ya majivu, bado Bukundi.

Na kuna sharti lingine, ambalo mtoto yeyote wa kijijini analijua. Ng'ombe aliyewekeshwa akifa, anayemtunza lazima amletee mwenye mali ngozi. Maneno hayatoshi. Ngozi ikifika, mtu anapewa pole na urafiki unaendelea. Isipofika, maana yake ni moja tu: amekula ng'ombe wa mwenzake.

Mimi ni mtoto wa mjini. Sharti hilo nililijua kwa kichwa.

Mwaka ule wa ukame baba alikuwa kitandani kwangu, moyo umetanuka, miguu imevimba. Daktari alisema asishtuliwe. Kila asubuhi nikimpelekea uji aliuliza swali lile lile, "Yule wa Bukundi anaendeleaje?" Nami najibu anaendelea vizuri. Mizoga ilikuwa imetapakaa Meatu nzima, wilaya ya Bukundi, naye anauliza habari za mmoja.

Simu ya baba nilikuwa nayo mimi, na rafiki yake alipopiga nilipokea mimi.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Amelala leo asubuhi. Nimemnyanyua na vijana, akasimama, akalala tena. Kesho kutwa naleta ngozi."

Nikamwambia asilete.

"Ngozi lazima ifike, mayu."

"Baba, akiiona atakufa. Nakuomba. Akipata nafuu nitamwambia mwenyewe."

Akasema, "Wewe ndiye uliye naye. Sawa. Naikausha, inakusubiri." Nikakata simu nikajiona mtu mwenye akili. Nilijiambia kuwa ninachomfanyia baba ndiyo ile berech yenyewe.

Wiki tatu baadaye alikuja mtu wa kanisani kumjulia hali, ametoka Bukundi kwenye harusi. Sikumwonya, maana sikujua ametokea huko. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai, nikamsikia akisema ukame umewamaliza, hata yule wa majivu wa rafiki yako, mzee, amekwenda siku nyingi. Niliporudi na vikombe, baba alikuwa amekaa, jambo ambalo hakuliweza kwa mwezi mzima.

Mgeni alipoondoka baba aliniuliza, "Ngozi iko wapi?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Lakini nilikuwa nimemdanganya kila asubuhi kwa siku ishirini na zaidi, nikaona aibu, mtu mzima na watoto wangu. Nikasema, "Sijui, baba."

"Hujui," alisema. Akalala akageukia ukutani.

Sijawahi kujichukia kama ninavyojichukia kwa neno lile. Jioni alimpigia mdogo wake kwa simu ya mwanangu, nikamsikia akimwambia kwamba yule mtu amekula ng'ombe wake. Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Kesho yake aliomba kamusi yake na kalamu. Nilifurahi, nikadhani anataka kupumzisha mawazo.

Rafiki yake alikuja Jumamosi, kapanda basi alfajiri, amebeba kuku. Baba alisikia sauti yake uani, akaniambia, "Mwambie nimelala." Nikaenda nikamwambia amelala. Alikaa kwenye benchi nje ya dirisha la chumba cha baba mpaka saa nane, kofia magotini, akiuliza kila nikipita kama ameamka. Hakusema habari ya ngozi, kwa kuwa nilimwomba asiseme. Nami nilipanga kumaliza yote kesho yake baada ya ibada. Baba alifariki kesho yake kabla sijarudi kutoka kanisani.

Siku ya mazishi rafiki yake alifika kwa bodaboda, ngozi imefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Aliifungua, akaitandika mbele ya wanaume wa ukoo, ya majivu, imekauka ikawa kama ubao.

Baba mdogo akamuuliza, "Leo ndiyo unaikumbuka? Mwenyewe yuko kwenye jeneza."

"Nimechelewa," alisema. Hakunitazama hata kidogo. "Kosa langu. Nimechelewa."

Hapo nikasimama. Sikumbuki nilivyopita katikati ya wanawake. Nilisema mbele yao wote kwamba mimi ndiye niliyemkataza, na kwamba baba aliniuliza nikamjibu sijui. Mtu mmoja aliguna. Baba mdogo aliniambia nikae, na hajaniita mwanangu tangu siku hiyo. Namwelewa.

Tulipotoka makaburini, rafiki yake alinifuata barazani. "Kile kitabu chake kipo? Aliniambia nimo humo."

Nikamletea. Nilifungua ukurasa wa "keep" kwa mara ya kwanza tangu baba aombe kalamu, tukauona pamoja. Penseli ya jina lake ilikuwa imepauka, na juu yake umepita mstari wa wino mweusi.

"Jina langu ni hili?"

"Ndiyo."

"Na huu mstari?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wa huruma kama ule wa kwanza. Ningemwambia ndivyo wasomi wanavyotia alama maneno ya maana, naye angeamini. "Alikukata, baba," nilisema. "Alikufa akiamini umemla ng'ombe wake."

Alipitisha kidole gumba juu ya ule mstari, mwanzo mpaka mwisho. "Umetetemeka," alisema. "Alikuwa anaumwa sana siku hiyo."

"Sana."

Akanirudishia kitabu, akaenda kuifunga ngozi yake. Nilimwambia aiache, mimi ni mtoto wa marehemu, naweza kuipokea. Alitikisa kichwa huku akikaza kamba.

"Hapana, mayu. Ngozi anaipokea aliyeniwekesha."

Iko Bukundi mpaka leo, inaning'inia kwenye boriti za nyumba yake. Kila mwaka nikienda kumsalimia anaiteremsha, anaifuta vumbi, anaigeuza pande zote mbili nione kwamba panya hawajaigusa, kisha anairudisha juu.