Gari la Chini Kwenye Harusi Kule Tulia

Kazi yangu ni kushusha magari. Nina kibanda Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na vijana huniletea magari yao niwatolee springi ndefu za kiwandani, niweke fupi, kisha nivike rimu pana zinazong'aa. Mtu akiniuliza kama hiyo kweli ni kazi, huwa namjibu vibaya. Kukunja ukingo wa madigadi bila kupasua rangi si jambo la kila fundi, na upande wetu sijaona anayenishinda.

Gari langu mwenyewe nililitengeneza jioni baada ya kazi, kidogo kidogo. Rimu nilizinunua zimetumika, moja ikiwa imepinda. Nikainyoosha, nikazipiga zote msasa, nikazipaka rangi upya. Nikashusha gari mpaka kati ya tairi na madigadi vikawa vinapita vidole viwili tu. Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nageuza kiti ili nile nikiliangalia.

Nyumbani kwetu ni bondeni, chini ya soko la Tulia, upande wa Kitui. Barabara ni ya udongo, na mto hauna daraja, una mchanga na mawe tu. Mara ya kwanza kulipeleka nilikuwa peke yangu, nikajipitisha polepole nikikwepa kila jiwe, nikafika. Majirani walimuuliza Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, kama springi zimevunjika kwa kubeba mchanga. Mwaitu mwenyewe alilizunguka gari, mikono nyuma.

"Hii gari yako imepiga magoti na hata hatujafika kanisa," akaniambia.

Nilinuna hadi jioni. Lakini dada yangu, kitinda mimba wetu, alilipenda. Alisema siku ya harusi yake hatapanda gari lingine. Baba yetu alishatutoka, na ni mimi ningempeleka kanisani na kumkabidhi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kosa langu lilikuwa la fundi aliyezoea lami: nilikuwa nimepima gari likiwa tupu. Wiki ya harusi, boma letu lilijaa akina mama wa mwethya, kikundi cha Mwaitu ambacho huchimba matuta shamba kwa shamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walikuwa wamekuja kuchambua ndengu za sherehe. Mwaitu akawaambia wanne waingie garini, tuone kama bi harusi na wasimamizi wake watatosha. Walipokaa, gari likashuka nao. Nilipoliondoa, tairi za nyuma zikasaga madigadi, na hatukuwa tumefika mbali wakati ule mgongo wa udongo ulio katikati ya barabara ulipokwangua tumbo la gari. Tulikwama hapo, na akina mama wakashuka wakicheka.

Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, hakucheka. Alisema ameshaongea na mwenye pikapu mjini Kitui. Akaongeza, mbele ya watu wote, kwamba gari lisiloweza kumfikisha mwenyewe kwa mama yake ni pambo la dukani.

Nilikasirika. Hata hivyo nilijua amesema kweli, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilianza kupanga niende Malili nikachukue zile springi ndefu, niliinue gari kama lilivyokuwa. Dada yangu alisimama pembeni amekunja mikono.

Mwaitu aliinama akachungulia chini ya gari. Akautazama ule mgongo wa barabara uliochunwa. Kisha akamwambia baba mdogo, kwa upole kabisa:

"Gari ya kijana yangu haitainuliwa. Ni barabara itashushwa."

Asubuhi iliyofuata akina mama wa mwethya walikuja na majembe na karai. Mwaitu alikuwa amewarudisha wale wanne garini, akakata kijiti sawasawa na nafasi iliyobaki kati ya ardhi na tumbo la gari lililojaa. Hivyo ndivyo wanavyopima matuta yao, kwa vijiti, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Alikisimamisha kijiti kile kwenye njia ya magurudumu, hatua kwa hatua, na mahali udongo wa katikati ulipokipita kimo, mstari wa wanawake ulisimama ukachimba, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiuitikia kwa majembe. Mtoni walipanga mawe bapa wakayashindilia changarawe. Mimi nililala chini ya gari, nikabana vipande vya mpira mgumu kwenye springi za nyuma zisidide sana, nikakunja tena ukingo wa madigadi, nikatoa hata gurudumu la akiba kupunguza uzito. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile kwa mteja yeyote.

Siku ya harusi pikapu ilikuja vilevile. Baba mdogo aliipanga nyuma yangu, tayari kumchukua bi harusi nikishindwa. Dada yangu aliketi nyuma na wasimamizi wake, gauni limejaa hadi mabegani mwangu. Akina mama walitangulia kwa miguu, wamevalia nguo za sherehe, wakitupa kando kila jiwe lililojitokeza usiku. Niliwafuata kwa mwendo wao. Kwenye mawe ya mtoni nilizima redio na kushikilia pumzi, nikisikiliza chuma. Tairi ziligusa mawe, zikapanda, zikashuka ng'ambo. Sikusikia kitu ila nyimbo.

Uwanjani kwa kanisa watu walikuwa wamejaa. Pikapu ilisimama nyuma yetu, tupu, imepauka kwa vumbi letu. Kabla sijashuka nilimwona Mwaitu akipita kati ya wageni na gauni lake jipya, akaweka goti chini penye vumbi, akachungulia tumbo la gari kutoka mbele hadi nyuma, akitafuta mkwaruzo mpya. Alisimama, akampungia baba mdogo aje karibu, lakini akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Haijaguswa."

Nilitakiwa nishuke nimfungulie dada yangu mlango. Sikuweza. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na ikabidi mchungaji atungoje.