Gambuti za Marehemu Kaka

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu. Masomo ya jioni, mjini Kahama, darasa la balbu moja na mbu wa kuweza kubeba ndama. Mchana nilibeba magunia ya mpunga, jioni nikabeba historia, na katika historia yote hakuna iliyoniingia kama ya Wayahudi wa kale. Mwalimu akianza sheria zao, niliandika mpaka kalamu ikafuka moshi.

Jumapili nilikwenda kwa kaka, hapo hapo Kahama, kummwagia elimu hiyo, akiwa ametoka machimboni Geita. Siku moja nikawasimulia, yeye na mkewe, desturi hii: Myahudi wa kale akifa bila mtoto, ndugu yake humchukua mjane ili jina la marehemu lisifutike. Ndugu akikataa, mjane huenda langoni mbele ya wazee, akamvua kiatu kimoja, akatema mate mbele yake. Basi, mama yuko huru. Mwanamume ndiye anabaki na aibu. Nyumba yake inaitwa nyumba ya aliyevuliwa kiatu.

Shemeji alicheka akashika ubavu. Kaka akatazama kandambili zangu, zimeungwa kwa waya.

"Basi mdogo wangu, mimi nikifa, tafuta kwanza viatu vya maana. Ukivuliwa hizo, aibu itakuwa ya wazee."

Masika yaliyofuata duara, lile shimo la dhahabu alilokuwa akichimba, lilimfukia. Wenzake walichimba usiku na mchana, wakamtoa. Gambuti zake wakanikabidhi mimi, udongo mwekundu bado umo ndani. Nilizivaa kwa kuwa sikujua kingine cha kuzifanyia. Zilinibana vidole. Nilimzika nikiwa nimezivaa.

Nyumbani kwetu ni mwendo wa kutembea kutoka Runzewe. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walikaa kwenye mlango wa zizi, na baba mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki kuwa baba yetu, akaanza.

"Ng'ombe wa mahari walitoka zizi hili hili. Kaka mtu hakuacha mtoto. Mdogo mtu huyu hapa, hajaoa. Au msomi wetu unasemaje?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu akishaniita msomi, ulimi hauna breki. Nilisimama nikawaambia hata Wayahudi wa kale, taifa la manabii, walifanya hivyo hivyo. Kwamba kuanzia Misri hadi Babeli hapakuwa na mjane hata mmoja aliyelala peke yake. Chumvi niliyotia ingetosha ziwa zima.

"Wabeja!" wazee wakanishukuru kwa makofi. "Wabeja, msomi!"

Na sitaficha. Sehemu yangu moja ilifurahi. Shemeji nilikuwa nikimtazama kuliko inavyompasa shemeji, tangu zamani, na nilikuwa nimejizuia kwa sababu ya mtu mmoja tu, ambaye sasa tulikuwa tumemfukia.

Shemeji akatoka jikoni, majivu mikononi. Akapiga magoti.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mkwe."

Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, mbona umeishia nusu?"

Nikainama kukung'uta udongo kwenye gambuti.

"Siku ile mwenyewe akiwepo ulitumalizia. Leo koo limekauka?"

"Kuna nusu nyingine?" baba mkubwa akauliza.

"Ipo, baba. Mimi nataka kurudi Kahama nikapike wali wangu, niuze, nile. Nikiondoka bila ruhusa yenu, mtanifuata kwetu mdai ng'ombe, na wazazi wangu hawana. Sitaki kutoroka kama mwizi. Nataka nitolewe hapa, mbele yenu, kwa hiyo hiyo sheria mliyoipigia makofi."

Macho yote yakanijia. Ningeweza kusema amesahau, mwanamke hajui historia, nami ndiye mwenye cheti. Wangeniamini. Nikamwona anavyonitazama, wala si kwa hasira; alinitazama kama mtu anayesubiri kujua mumewe alikuwa na ndugu wa namna gani.

Nikawaeleza nusu iliyobaki. Bila chumvi, hata punje.

Baba mkubwa akazitazama gambuti zangu. "Kwa hiyo lazima wewe useme hutaki."

"Ndiyo, baba."

"Na kijiji kizima kitakucheka mpaka ufe."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Unamtaka, humtaki?"

Nimesema maneno mengi maishani, mengi ya uongo, na hakuna lililonitoka kwa shida kama lile. "Simtaki," nikasema.

Shemeji akakaa chini kwenye vumbi la zizi, akashika gambuti ya kulia. Ikagoma. Akavuta kwa mikono miwili, nami nimeshika nguzo ya zizi, ng'ombe wanatutazama. Mzee mmoja akaguna, "Msomi, legeza mguu!" Wakacheka. Ikachomoka ghafla, shemeji akaanguka chali.

Akainuka akapiga magoti. Akajaribu kutema mate, mdomo ulikuwa mkavu, hakikutoka kitu. Kisha akaitazama ile gambuti mkononi, kana kwamba ndiyo kwanza anaitambua, akaikumbatia na majivu yake yote. Alikuwa hajalia matanga yote. Hapo akalia, na baba mkubwa akaondoa kofia.

"Ameachiliwa," akasema. "Mtu asimfuate."

Nikavua ya pili mwenyewe, nikaiweka karibu na goti lake.

"Sheria inataka kimoja, shemeji," akasema bila kuinua uso.

"Najua."

Nilitembea peku mpaka Runzewe. Kondakta wa basi la Kahama akaniuliza viatu viko wapi. Nikamwambia nimevamiwa na majambazi saba. Akacheka, akanipa siti ya dirishani. Tulipoanza kuondoka nikamwambia walikuwa kumi na wawili.