Mbuzi wa Safari ya Udachi

Nisameheni mwandiko uliopinda na herufi nilizokosea. Shule niliyosoma ni ndogo, lakini kisa hiki ni cha kweli.

Bwana wangu Mdachi, mpimaji wa ardhi, aliniambia, "Jitayarishe. Tutakaa Wilhelmstal mwaka mzima." Niliona haya kumwuliza ni wapi. Kwa jina kama hilo, nikajua ni kwao, Udachi. Nikajizoeza kula viazi vitupu, na mama akachinja mbuzi wake wa maziwa ili kuniaga.

Nikafika stesheni ya Dodoma nimejifunga mablanketi mawili juani, watu wetu wa Mvumi wakinisindikiza kwa nyimbo. Karani wa tikiti, mtu wa Kondoa, akauliza, "Unaumwa, kijana?"

"Siumwi. Najikinga na theluji ya Wilhelmstal."

Akacheka hadi kofia ikamwanguka. "Wilhelmstal ni Usambara, ndugu yangu! Wanalima ndizi huko!"

Nyimbo zikakatika. Mama akasema, "Kumbe mbuzi wangu nimemchinjia Usambara!"

Walicheka wote, lakini sasa sioni haya. Si mimi niliyeibandika milima ya Wasambaa jina la Kidachi. Wasomaji, niandikieni: aliyepotea ni mimi, au ni aliyeibandika?