Inyamanza wa Kisimani

Nilipokuwa mtoto, Masaka hii inayojaa nyumba mpya ilikuwa mashamba ya mtama tu, na maji tuliyachota kwenye kisima cha bondeni. Huko ndiko nilikomuua inyamanza, yule ndege mdogo mweusi kwa mweupe anayetingisha mkia karibu na watu. Kwetu haguswi. Anayemuua, ngozi humwasha mpaka ibambuke kama ya kiazi cha kuchemsha. Nyogokuru, bibi yangu, aliniambia hivyo tangu sijaota meno ya pili, nami niliamini.

Tulikuwa wasichana wanne. Mwenye mdomo alikuwa Verena.

"Mpige. Au unaogopa, mtoto wa bibi?"

"Nyogokuru amesema..."

"Basi kesho uje kuchota maji na Nyogokuru wako."

Dafroza alinitazama tu huku akitabasamu, na macho yale yalinisukuma kuliko mdomo wa Verena. Agnesi yeye alijitwika mtungi wake akaondoka. Nilimchukia miaka mingi kwa kutonivuta mkono. Lakini njia ilikuwa wazi, mimi ndiye niliyebaki.

Nikaokota jiwe. Nililenga pembeni, nakuapia. Ndege akaanguka, mkia ukatingishika mara mbili, basi.

Verena alirudi nyuma. "Sisi hatukuwepo. Usitushike."

Nilianza kuwashwa kabla sijamaliza kupanda mlima. Siku tatu nilijificha nyuma ya zizi nikijikuna, na kila asubuhi nikiitazama mikono. Siku ya tatu ngozi ikabambuka kweli, damu na majimaji, nikajua nimekwisha. Wale wale wa kisimani wakanikimbia. "Anaoza huyo," wakasema.

Nyogokuru aliponishika mkono nilimwambia yote, nikingoja kipigo. Alichukua wembe, akanikata kucha zote kumi mpaka karibu na nyama.

"Ndege atakufanya nini, sijui," alisema. "Hizi nazijua."

Vidonda vilikauka baada ya wiki. Inyamanza simgusi mpaka leo, sina haja ya kujaribu.

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka kwenye saluni anakofanya kazi, kule mjini Kicukiro, amejifunika kitambaa usoni. Wenzake wote wanapaka mkorogo, ile dawa ya kung'arisha ngozi. Hakuna aliyemlazimisha, anasema. Walimwita "makaa" wakicheka, na mmoja akampa kikopo. Shavu limeungua, linabambuka, naye anajikuna.

Mdomo wa kumtukana ninao. Lakini niliiona mikono yake ikirudi shavuni kukuna.

"Bibi, nitabaki hivi?"

"Sijui. Kesho asubuhi tunakwenda kituo cha afya. Wenzako wamesemaje?"

"Wamesema nisiwataje."

Nilimwambia alete mikono, nikamkata kucha zote kumi. Na safari hii niliogopa kuliko siku ile ya kisimani, maana kucha nazijua, lakini kile kikopo sikijui.