Maua kwenye Njia ya Maji

Mwaka niliomaliza sekondari nilikuwa na kichwa kigumu, na nalisema hilo kwa kujisifu kidogo. Nilitaka kusoma elimu ya mimea, na nilikwisha kata shauri kwamba nitaisomea Kisangani. Huko kuna msitu, nilimwambia mama, kuna miti ambayo bado haijapewa hata jina. Lubumbashi yetu hii ina nini? Ina bomba la moshi la kiwanda cha shaba, na upande ule ulikokuwa ukielekea moshi kuna ardhi nyekundu ambayo hata magugu yameikataa. Mama alikuwa akichagua mchele. Bila kuinua uso, alisema tu kwamba baba hajaambiwa.

Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Kwetu wafu huambiwa mambo siku ya wazazi, tarehe moja ya mwezi wa nane. Mji mzima huenda makaburini na majembe, mapanga na madumu ya maji. Watu hulima majani, hufagia, halafu husema walichokuja kusema. Mwaka ule mimi, mtu wa sayansi, nilikuwa nimekwenda kulima tu, lakini kaburi la baba halikuwa na cha kulima.

Makaburi ya jirani yalikuwa yamefunikwa na majani makavu ya kiangazi yaliyofika magotini. La baba lilikuwa tupu. Upande wa kichwa palisimama mmea mmoja mdogo, shina lake lenye pembe nne, na juu yake maua ya zambarau. Mvua ilikuwa imekatika tangu mwezi wa nne. Niligusa udongo, ukapukutika mkononi, mkavu kabisa. Nilizunguka mistari minne ya makaburi nikiutafuta mwenzake, nisiuone. Mwili ulinisisimka, nikajikasirikia kwa kusisimka.

Mama alipiga magoti, akamweleza baba habari za Kisangani, zote, bila kunipunguzia wala kuniongezea. Kisha aliyatazama yale maua.

“Papa yako anakatala,” aliniambia.

Kukataa huko kwa baba kulinikasirisha, nikabeba jembe langu nikatangulia nyumbani.

Wiki ileile nikayaona maua yaleyale nyumbani. Zamu ya kufagia uwanja ilikuwa yangu kila asubuhi, kwa hiyo nadhani yalikuwepo siku zote, na mimi, mtaalamu wa kesho, nilikuwa nikipitisha ufagio kando yake bila kuyatazama. Yalianzia kwenye jiwe la kufulia nguo, yakakata katikati ya lengalenga za mama, mchicha wetu wa kila siku, yakaishia ukutani. Ulikuwa mstari mmoja, upana wake kama wa njia ya mtu mmoja anayetembea peke yake. Lengalenga zilizokuwa karibu nao zilikuwa za manjano.

Mama aliacha kuukanyaga mstari ule. Akitaka kuvuka alizunguka nyuma ya jiko. Asubuhi moja nilimsikia akisema, “Jambo, papa,” na uwanjani hapakuwa na mtu. Nilitaka kucheka, lakini siku ya tatu nilijikuta nami nimezunguka nyuma ya jiko, ndoo ya maji kichwani, na hakuna aliyeniambia nizunguke. Niliona aibu, na niliogopa. Fomu ya Kisangani ilikuwa mezani, imejazwa yote isipokuwa sahihi.

Nikasema, basi, nitamaliza mchezo huu. Niling'oa mmea mmoja na mizizi yake, nikauzungushia gazeti, nikaupeleka kwenye chuo kikuu cha hapahapa mjini, kilekile nilichokuwa nikikibeza. Nilielekezwa kwenye chumba cha mimea iliyokaushwa, kilichonuka dawa ya nondo. Mzee aliyekitunza aliutazama mmea wangu, akaenda kabatini bila kuuliza kitu, akarudi na jalada. Ndani, juu ya karatasi iliyogeuka rangi ya chai, ulikuwa umebandikwa mmea uleule, shina la pembe nne, na maua ambayo zambarau yake ilikuwa haijaisha. Kwa tarehe iliyoandikwa pembeni, ulichumwa kabla baba hajazaliwa.

Alinieleza polepole. Mmea huu hupenda udongo wenye shaba. Pale unapostawi, mimea mingine huugua, na zamani waliotafuta shaba vilimani waliufuata mmea huu. Aliniuliza baba alifanya kazi gani. Nilimwambia: kiwandani, kwenye tanuru, tangu ujanani mpaka alipougua.

“Na bilamba yake ya kazi, mulikuwa munafulia wapi?”

Hapo niliuona mstari wote. Kila Jumamosi mama aliinama juu ya jiwe lile na salopeti ya baba, ovaroli yake ya kazi, na maji yenye rangi ya kijani chafu yaliteremka kati ya mboga mpaka ukutani. Ilikuwa hivyo miaka yote ya utoto wangu.

“Mboga ya pale,” mzee aliuliza, “munakulaka?”

Nilikusanya gazeti langu, nikatoka.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa na kikapu cha lengalenga, maji ya bukari, ugali wetu, yako motoni. Nilimnyang'anya kikapu, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia maishani, nikamweleza yote. Njiani, niliyoyasikia kwa mzee yalikuwa yamenipa furaha ya mshindi, lakini nilipomwona anakaa chini kwenye jiwe lake, furaha ile iliyeyuka, nikabaki na huruma.

“Basi njo yeye,” alisema, yaani ndiye baba.

Nilimwambia ni shaba.

“Shaba ilikuwa mu mwili yake, mtoto yangu. Njo yeye.”

Nilimuuliza kuhusu kaburi, nikitumaini kwamba nalo lina maelezo yake. Alichezea pindo la kitenge chake kabla ya kujibu.

“Salopeti ya mwisho sikuifula. Nilimuwekea mu sanduku, chini ya kichwa.”

Kesho yake nilirudi kwa mzee mbio, karibu nicheke kwa nafuu, nikamweleza habari za kaburi na ile salopeti. Alifikiri, kisha akatikisa kichwa. Nguo moja ni kidogo mno, alisema, na kaburi lina kina kirefu, na mizizi ya mmea huu haizidi urefu wa kiganja. Aliniambia nilete udongo. Halafu akasema lile ambalo watu wengi wa elimu hawapendi kulisema, kwamba hajui.

Fomu ya Kisangani niliichana, maana swali langu lilikuwa hapa. Nilijiandikisha hapahapa, na mama alizing'oa lengalenga kwa mikono yake mwenyewe, akahamishia bustani kwenye magunia ya udongo tuliouleta mbali. Mstari tumeuacha.

Sasa niko mwaka wa pili. Udongo wa kaburini nimeupima mara mbili, na mzee ameupima mara ya tatu. Ni udongo kama wa makaburi ya jirani, hauna shaba ya kutosha mmea ule kuota. Siku ya wazazi iliyopita nilikwenda na kijiko na mifuko ya kuupima tena. Maua yalikuwa palepale upande wa kichwa, mabichi, na udongo mkavu. Mifuko sikuifungua. Nilimwambia baba kwamba nimebaki, kisha nikapiga magoti karibu na mama, tukasubiri jibu lake.